Kibanda cha Nne: Risala ya Wahudumu Wanafunzi wa Maabara ya Lugha

Mgeni rasmi, Profesa Litia Cagilaba, Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, Taaluma; Mkuu wa Idara ya Lugha; mlezi wetu Bwana Kaliova Tamanivalu, msimamizi wa maabara; walimu wetu; wageni wetu mlioshuka kutoka milimani; na ninyi wenzetu mnaochungulia madirishani kwa kuwa viti vimekwisha:

Bula vinaka. Namaste. Noa'ia.

UKARIBISHO

Mheshimiwa Mgeni rasmi, yaqona, kinywaji chetu cha heshima, imekwisha kutolewa na umeipokea kwa heshima zote. Kifuu umekimaliza bila kuacha tone, na tuliokuwa nyuma tumeona, tumefurahi. Viatu umeviacha barazani pamoja na ndala zetu bila kukumbushwa na mtu. Fundi aliyekuja mwaka juzi kukagua nyaya aliingia navyo, na zulia letu linamkumbuka mpaka leo.

Karibu katika Maabara ya Lugha. Tunajua umekuja kuzindua kompyuta mpya ishirini, na utepe umeuona pale mbele, mwekundu, umefungwa kwa fundo ambalo mwenzetu Jiosese anadai ni la mabaharia. Sisi tunadai ni la mtu asiyejua kufunga. Tunakuomba radhi mapema, mkasi ukishindwa.

Risala hii imeandikwa na katibu, Praneeta Lal, ambaye ndiye huyu anayeisoma, na sote tumeipitisha kwa kura. Bwana Kaliova aliomba tutoe sentensi mbili. Tumezitoa zote mbili kwa utii. Moja imerudi yenyewe.

HISTORIA FUPI

Maabara hii ilianza na kanda. Wazee wa idara wanasema kulikuwa na vibanda kumi vya mbao, kila kimoja na mashine yake, na mwalimu akikaa mbele kama rubani akisikiliza nani anatamka vibaya. Vibanda vile bado vipo na ndivyo hivi. Mbao ni zilezile, ila vilivyo ndani yake vimebadilika mara tano.

Wahudumu wanafunzi hawakupangwa na mtu. Mwaka ule kimbunga kilipong'oa mapaa Suva nzima, fundi aliyeajiriwa alikwenda kijijini kwao kuezeka upya nyumba ya mama yake. Alisema atarudi Jumatatu. Jumatatu hiyo bado tunaisubiri. Ufunguo alimwachia mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekuwa anapita tu kibarazani, na tangu siku hiyo ufunguo haujatoka mikononi mwa wanafunzi. Sisi ni kizazi cha saba cha huyo aliyekuwa anapita tu.

Kazi yetu ni kufungua na kufunga, kupanga zamu, kuandika nani anatumia kibanda gani, kufuta vumbi, kubadilisha sponji za hedfoni, kufukuza mijusi kwenye projekta, na kuwaeleza watu wazima wenye shahada kwamba kompyuta ambayo haijachomekwa kwenye umeme haiwezi kuwaka. Zaidi ya hayo, tunawakumbusha watumiaji kila siku, kwa mdomo na kwa maandishi, kwamba kompyuta zetu husahau. Zimewekwa hivyo makusudi: ukiizima, ikiwaka tena inakuwa haijui chochote ulichofanya jana. Hiyo inalinda mashine dhidi ya virusi na uchafu. Hailindi kazi ya mwanafunzi ambaye hakuhifadhi. Tangazo tumelibandika kwa lugha tano, na bado kila muhula kuna anayelia.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, hatukuja kulia tu. Tuna ya kujisifia.

Tumeweza kuongoza zamu bila ugomvi mkubwa. Hapo awali ratiba ilipangwa kama kwamba wiki zote ni sawa. Tukagundua kwamba siku timu yetu ya raga ya wachezaji saba inacheza, hakuna mhudumu anayekuja, na ukweli ni kwamba hakuna mtumiaji anayekuja pia. Sasa ratiba tunaipanga tukiwa na kalenda ya mechi mkononi. Tangu tufanye hivyo, hakuna mtu aliyeugua ghafla siku ya fainali.

La pili ni hedfoni. Hapa inabidi tuseme ukweli wa nyumbani. Kwetu ndugu akikuomba kitu, humwambii hapana. Akisema kerekere, yaani nakuomba kindugu, umekwisha. Basi hedfoni zilikuwa zinatoka hapa kwa njia ya ukoo. Binamu anaomba mara moja tu kusikiliza somo, mjomba wa binamu anaomba mara moja tu kusikiliza kwaya, na mwisho hedfoni ya chuo unaikuta sokoni imevaliwa na muuza samaki. Tulipobaki na hedfoni tisa, tuliitana kikao.

Jiosese akasema, "Tatizo letu ni undugu. Tumtafute mtu asiye na ndugu."

"Binamu, kila mtu ana ndugu," akajibiwa na mwenzetu Vaciseva. "Hata wewe, ingawa hatujui wao walikosa nini."

"Basi ambaye ndugu zake wako mbali. Wa Labasa. Ng'ambo ya maji."

Wote wakamgeukia Praneeta. Tangu siku hiyo, ndiye mtunza hedfoni. Tunakiri kwamba ndani ya wiki mbili watu ishirini na wawili walianza kumwita shangazi. Lakini amesimama imara. Leo hedfoni ni thelathini na moja, na muuza samaki amerudisha yake kwa hiari, imefutwa vizuri, ingawa bado inanuka.

Mafanikio mengine ni mengi na tumeyaandika katika kiambatisho, ambacho Bwana Kaliova amekisifu kwa urefu wake.

CHANGAMOTO

Hapa, Mgeni rasmi, desturi ya risala ni kutaja uhaba wa feni na unyevu unaootesha ukungu kwenye nyaya. Feni hazitoshi. Ukungu upo. Tumeshataja. Sasa turuhusu tukueleze habari ya kibanda cha nne, kwa kuwa wewe umeisoma kwenye taarifa ya ukurasa mmoja, na sisi tulikuwepo.

Jumanne moja mwezi wa tatu alikuja Bibi Merewalesi, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, kutoka Navunidakua, kijiji cha milimani. Wale wanaoongea lugha ya bonde lao kama ilivyokuwa wamebaki watano, naye ndiye mkubwa wao. Idara ilimwalika arekodiwe: majina ya mvua, majina ya mto katika hali zake, maneno ya kumlaza mtoto. Mhudumu wa zamu ya kurekodi alikuwa Vaciseva Rokotuiloma, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ambaye kati yetu hakuna anayemzidi kwa vifaa. Hata Jiosese anakubali, na Jiosese hakubali kitu kirahisi.

Kinasa sauti cha kibanda cha nne kilikuwa juu ya rafu, na rafu iko juu ya kiti. Aliyeipigilia pale alitoka nchi ambayo kichwa cha mtu ni kichwa tu. Vaciseva alilijua hilo, kwa hiyo alibonyeza kitufe kabla Bibi hajaketi. Taa nyekundu ikawaka. Bibi akaketi. Kisha Bibi akaomba chai.

Akaletewa chai na biskuti ngumu. Bibi anakunywa chai kama watu wa zamani, kimya, mpaka mwisho wa kikombe. Na mashine ile ina tabia: ikikaa dakika tano bila kusikia sauti, hujizima. Ikajizima. Bibi akaweka kikombe chini, akafumba macho, akaanza kusema.

Mheshimiwa, wewe ni mtoto wa nchi hii. Unajua huwezi kunyoosha mkono juu ya kichwa cha mtu mzima aliyeketi. Unaomba radhi kwanza, unasema tilou, anakuruhusu, ndipo unapita. Lakini kuomba radhi ni kumkatiza, na Bibi alikuwa amefumba macho anataja watu wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, wafu watupu. Vaciseva alikaa sakafuni akisubiri Bibi avute pumzi. Alitueleza baadaye, "Kila nikisema sasa, anaingia jina jingine. Mara moja kweli alinyamaza. Nikafungua mdomo. Kumbe alikuwa amefika kwa mama yake. Ningeingiaje hapo?"

Alijaribu njia nyingine. Kupitia kioo alimwonyesha Jiosese, aliyekuwa mezani mbele, kwa ishara ya mkono: mashine imezimika, lete nyingine. Jiosese alielewa kwamba biskuti zimekwisha. Akaleta biskuti. Akaingia kwa magoti, akaziweka, akatoka kwa magoti, akiwa ameridhika sana na nafsi yake. Hilo pia tunaliweka mbele yako, kwa ridhaa ya Jiosese mwenyewe.

Bibi alisema kwa saa moja na dakika ishirini. Alipofumbua macho aliuliza, "Haya, imeingia yote?"

Vaciseva alianza kulia. Bibi akadhani ni hadithi iliyomgusa. Akampapasa shavu akamwambia, "Nyamaza mjukuu wangu. Hao wote walikufa zamani, na walikula wakashiba."

Akaondoka na basi la saa saba.

Sasa, Mgeni rasmi, tunaomba usikilize kwa makini kidogo hapa. Mashine haikuacha ushahidi wowote. Vaciseva angeweza kuandika kwamba umeme ulikatika, na siku ile kweli ulikatika, adhuhuri. Angeweza kuandika kwamba kompyuta imesahau, na nyote mngeamini, kwa kuwa husahau kila siku. Alichoandika kwenye daftari la zamu ni hiki, na tunakisoma kama kilivyo: "Kibanda 4. Hakuna kilichorekodiwa. Mashine ni nzima. Taa ilizimika saa nne na robo, niliona. Sikunyoosha mkono. Kosa ni langu. V.R."

Ukurasa huo ndio uliofika ofisini. Na kutokana na ukurasa huo ikaja barua. Barua inasema wahudumu wanafunzi wasiguse vifaa vya kurekodi, na kwamba Vaciseva Rokotuiloma asiingie ndani ya maabara mpaka uchunguzi ukamilike. Barua ina sahihi yako. Hatusemi haya kwa ubaya. Tunasema kwa sababu huu ni mwezi wa tano, wiki ya tisa tangu barua, na mtu aliyesema kweli yuko nje, sisi ambao tumewahi kuandika "umeme" tuko ndani.

(Sentensi iliyorudi yenyewe ndiyo hiyo.)

Mwezi uleule wa tatu Bibi akaugua mapafu, akalazwa wiki tatu. Hatutazielezea wiki hizo. Kila simu ikilia tuliogopa. Kama angeondoka, saa moja na dakika ishirini ingekuwa imeondoka naye, na Vaciseva angeishi nayo. Aliacha kula vizuri. Alikuwa akija kila siku kwenye zamu yake, anakaa barazani kwenye ngazi, nje ya mlango, mpaka zamu iishe, kisha anakwenda zake. Hakuna aliyemwambia aje.

Bibi akapona. Anasema alichoshwa na uji wa hospitali.

Aliporudishwa nyumbani, tulikwenda sote kuomba msamaha kama inavyotakiwa. Jino la nyangumi la kuombea msamaha hatuna, sisi ni wanafunzi. Tulibeba mzizi wa yaqona na mkeka ambao mama yake Vaciseva aliusuka. Msemaji alikuwa Jiosese, kwa sababu ya sauti yake, na sauti yake ilimkimbia hapohapo. Alieleza yote, pamoja na biskuti. Vaciseva alikuwa ameketi karibu na mlango, kichwa chini.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo siku ile nilikuwa naongea na ukuta?"

"Ndiyo, Bibi," Jiosese akajibu.

"Na ukuta ulisikiliza vizuri?"

Wajukuu zake wakaanza kucheka. Sisi hatukujua kama tunaruhusiwa.

"Na wewe wa mlangoni," Bibi akasema. "Ulikaa sakafuni muda wote ule?"

"Ndiyo, Bibi."

"Masikio ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, Bibi."

"Haya. Mvua inayokuja na jua, watoto wakiwa wanaoga mtoni. Tunaiitaje?"

Vaciseva akalitaja jina.

"Na ile inayosikika mlimani lakini haifiki?"

Akalitaja. Bibi akamuuliza ya tatu, ya nne, maji ya mto yakiwa yamejaa, maji yakiwa yanarudi. Mengine aliyapata, mengine aliyakosa. Alipokosea Bibi alisema, "Hee! Hilo ni jina la mbuzi wa jirani," nyumba nzima ikaangua kicheko. Kisha Bibi akamwita karibu, akamwekea mkono kichwani. Mkubwa anaruhusiwa.

"Haikupotea yote," alisema. "Nitakuja tena. Lakini atakayebonyeza ni huyu. Asipokuwepo huyu, nitakunywa chai yenu nirudi kwangu."

TULICHOJIFUNZA, AMBACHO BWANA KALIOVA ALISEMA KIWEKWE KABLA YA MAOMBI

Tulirudi tukakaa kikao. Hatukutaka kusema mila imeshinda mashine, wala mashine iishinde mila, maana sisi tunazihitaji zote mbili na zote mbili zinatuhitaji. Tuliuliza swali dogo: kwa nini kitufe kiko juu?

Kilikuwa juu kwa sababu kilikuwa juu.

Mchoro wa namna mpya ulitoka kwa Vaciseva. Aliuchora akiwa kwenye ngazi, akatupitishia dirishani kwenye karatasi iliyofunikia mkate. Rafu ikashushwa chini ya meza. Maikrofoni haining'inii tena kutoka juu. Inasimama mbele, inaelekea juu kidogo, kifuani. Na kitufe kimeunganishwa na kanyagio la cherehani ya zamani ya mama yake Jiosese, lililowekwa sakafuni, juu ya mkeka, nyuma ya kiti. Mhudumu anaketi chini, mahali pake pa heshima, na anabonyeza kwa kiganja. Taa iko mbele yake. Mzee hakatizwi, kichwa hakipitiwi, na mashine ikilala inaamshwa palepale. Bwana Kaliova ndiye aliyeshika msumeno, sisi tulishika tochi na nyaya, na kutoa ushauri usioombwa.

Dirishani Vaciseva alikuwa anasikika akisema, "Jiosese, waya wa kijani! Kijani, si huo! Wewe rangi ulifundishwa na nani?"

"Na shangazi yako!" Jiosese akamjibu. "Kama unajua sana ingia uunge mwenyewe."

Jiosese aliomba radhi. Alikuwa amesahau kwa nini mwenzetu yuko nje ya dirisha.

Tumejaribu kanyagio hilo na wazee wanne wa mjini, tukiwa tumeomba ruhusa ya mwalimu wa somo kila mara na mwalimu mwenyewe akiwa amekaa mkekani akibonyeza, ili tusivunje barua. Hakuna dakika iliyopotea. Mmoja wa wazee alilala katikati ya rekodi, na hata mkoromo wake tunao.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tulikuwa na maombi saba. Bwana Kaliova akasema mgeni huombwa matatu. Tukayapunguza, na kwa kadiri tulivyokuwa tukikata tuliona mengine tunaweza kuyavumilia. Feni tutavumilia. Ukungu tutaendelea kuufuta. Tumebaki na mawili.

La kwanza ni dogo. Kompyuta mpya ishirini unazozindua zimekuja na mikono ya maikrofoni ya kufungwa juu, juu ya kichwa cha anayeketi, na karatasi ya maelekezo inasisitiza hivyo kwa herufi kubwa. Tunaomba ruhusa yako tuzifunge chini, kama kibanda cha nne. Misumari tunayo. Msumeno tunao. Ruhusa ndiyo tunayoikosa.

La pili ni Vaciseva.

Tumesikia kwamba muhula ujao maabara huenda ikaendeshwa kwa kufuli la kadi na kamera, bila wahudumu, ili makosa kama lile yasitokee. Hatubishani na kamera. Kamera ingeona taa imezimika, ingeirekodi imezimika, na isingelia. Lakini asubuhi yake usingelikuta daftari limeandikwa "kosa ni langu". Sisi wenyewe hatuna hakika kama tungeliandika. Tumekaa, tumejiuliza mmoja mmoja, na wawili tu ndio waliosema ndiyo bila kutazama chini.

Hatuombi useme hakukosea. Yeye mwenyewe hatakubali. Tunaomba arudi kazini, kwa sababu kosa lake amelijenga likawa kifaa, na kwa sababu mtu anayeheshimu kichwa cha mzee kuliko jina lake mwenyewe kazini ndiye mtu tunayetaka akae nyuma ya kiti kile.

TAMATI

Mgeni rasmi, tungeweza kumaliza hapo kwa dua, tukale. Keki ya muhogo iko tayari na kuku wa kari aliyepikwa na Praneeta hapendi kusubiri. Lakini kuna jambo hatukuliandika kwenye nakala uliyonayo, kwa sababu jana hatukujua kama litatokea.

Bibi Merewalesi ameshuka na basi la kwanza leo. Wale wageni wa milimani tuliowataja mwanzoni ni wajukuu zake. Yeye mwenyewe yuko nyuma yako, Profesa, kibanda cha nne, mlango ukiwa wazi. Chai ameshakunywa. Mwalimu wa somo alimwomba aanze, yeye mwalimu abonyeze, kwa kuwa leo kuna shughuli. Bibi akamuuliza kama chai imebaki, ili anywe ya safari.

Na Vaciseva yuko barazani. Asubuhi Jiosese alimwambia, "Binamu, ingia tu. Watu wote wanatazama utepe. Nani atakuona?"

Akajibu, "Barua imesema nisiingie. Aliyeisaini ni mkubwa. Nikipenya nyuma ya mgongo wake nitakuwa nimempita juu ya kichwa."

Hivyo ndivyo alivyo, na hatujui tumfanyeje. Mlango hauna kufuli. Hakuna askari. Kuna zulia, kuna kizingiti, na kuna msichana upande wa pili aliyevua ndala zake tangu saa mbili asubuhi kwa sababu hajakata tamaa.

Mkasi unaweza kungoja. Kutoka hapo ulipoketi mpaka barazani ni hatua tisa, tumezipima. Huna haja ya kusimama wala kuandika barua nyingine leo. Anaitwa Vaciseva. Ukimwita kwa sauti ya kawaida, atasikia.

Mwenyezi Mungu, tunayemwita kila mmoja kwa lugha ya mama yake, akulinde njiani na nyumbani, aibariki kazi ya mikono yako, awape wazee wetu pumzi ndefu na sisi masikio ya kuwasikiliza.

Ni sisi,

Wahudumu Wanafunzi wa Maabara ya Lugha, Suva:
kumi na mmoja tuliosimama mbele yako, na mmoja aliye mlangoni.